Nimepewa kitengo cha vinywaji: ninunue mvinyo gani wa harusi?

*"Shikamoo mtaalamu. Mdogo wangu anafunga ndoa Novemba hapa Dodoma na kamati imenikabidhi vinywaji. Wageni ni 250. Mvinyo umetengewa shilingi milioni moja na nusu, nami nimepiga hesabu ya chupa 120. Wiki iliyopita nilinunua chupa moja nyekundu ya hapahapa Dodoma ili nijaribu. Ilikuwa kali, ikanikausha ulimi, na chini ilikuwa na kitu kama chumvi. Jirani akaniambia imeharibika, nikaimwaga. Mjomba aliyewahi kuishi Afrika Kusini anasema tusijisumbue, tununue maboksi ya kule. Shangazi anasema mvinyo mwekundu unaumiza kichwa kwa sababu ya dawa zinazowekwa. Mwenye duka naye ananishauri ninunue sasa hivi nitunze stoo, eti mvinyo ukikaa ndio unakuwa mzuri. Nimsikilize nani?"*

Marahaba. Na pole kwa kitengo, maana kwenye kamati ya harusi mtu wa vinywaji hukumbukwa pale tu mambo yanapoharibika. Nikikuelewa vizuri, hofu yako ni kutumia fedha za watu kununua kitu ambacho wageni watakiacha kwenye glasi. Hofu hiyo ina msingi. Ila kati ya wote waliokushauri, mjomba peke yake ndiye aliye karibu na ukweli, naye ni nusu tu.

Tuanze na ile chupa uliyoimwaga, kwa sababu naamini ulimwaga mvinyo mzima.

Zabibu iliyoiva imejaa sukari. Ikishakamuliwa, hamira huila ile sukari na kutoa alkoholi na gesi. Kwa makadirio, kila gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya alkoholi, hivyo mchuzi wa zabibu wenye gramu 220 za sukari kwa lita huishia kwenye asilimia 13 hivi. Hamira ikiachwa imalize kazi yake, sukari inayobaki ni kidogo mno kwa ulimi kuihisi. Huo ndio mvinyo mkavu. Mvinyo mtamu ni ule ambao uchachukaji ulisimamishwa kabla sukari haijaisha, au ulioongezewa utamu baadaye. Yaani ukavu ni uamuzi wa mtengenezaji, na chupa yako bila shaka ilikuwa imeandikwa hivyo mahali fulani kwenye lebo.

Utamu ukiondoka, vitu viwili vilivyokuwa vimejificha nyuma yake hujitokeza. Cha kwanza ni asidi. Asidi kuu ya zabibu ni ya tataliki, na ndiyo hiyohiyo inayoupa ukwaju ukali wake, kwa hiyo ulimi wako unaifahamu tangu utotoni. Cha pili ni tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu nyeusi. Umewahi kung'ata bibo la korosho, au kunywa chai ya rangi iliyosahaulika jikoni ikachemka nusu saa? Ule ukavu unaokamata ulimi na fizi ndio tanini. Ukinywa mvinyo wa namna hiyo peke yake, tumbo tupu, saa nane mchana Dodoma, utaona unakugombeza. Kunywa huohuo pamoja na nyama choma yenye mafuta na chumvi, utashangaa umelainika. Tanini hupenda kushikana na protini: ikikosa nyama, inashika mate yako.

Na ile "chumvi" ya chini? Kweli ni aina ya chumvi, inayotokana na hiyo asidi ya tataliki ikiungana na madini ya potasiamu yaliyomo kwenye zabibu. Hujitenga chupa ikipoa sana. Haina madhara na haina ladha mbaya. Simamisha chupa saa chache, mimina taratibu, acha kijiko cha mwisho.

Mvinyo ulioharibika kweli hujitambulisha puani kabla haujafika mdomoni. Ukiingiwa na hewa, kuna bakteria wanaogeuza alkoholi kuwa siki, na harufu yake ni ya siki au ya rangi ya kucha. Ukinusa boksi lililoloa maji na kuota ukungu, tatizo ni koki, yaani kile kizibo cha mdomo wa chupa. Na mvinyo mweupe mchanga ukiwa na rangi ya chai pamoja na harufu ya matunda yaliyochemshwa, huo umepigwa na joto. Ukikutana na mojawapo ya haya, rudisha chupa dukani na risiti yako. Ukali na kukausha ulimi peke yake si ugonjwa.

Joto ndilo linanileta kwa mwenye duka. Ushauri wake, nitasema waziwazi, unamfaa yeye. Mvinyo mwingi duniani hutengenezwa unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili mitatu. Ile mingine inayoboreka kwa kukaa miaka kumi ni michache, ni ghali, na hulazwa mahali penye nyuzijoto 12 hadi 14, gizani, pasipo kutikiswa. Stoo ya kamati ya harusi, nadhani, ni chumba chenye paa la bati. Mabadiliko ya kikemia huenda kasi takriban maradufu kila joto likipanda nyuzi kumi, kwa hiyo miezi mitano chini ya bati si "kutunza", ni kupika. Agiza mapema ukitaka, lakini chupa zifike wiki ya harusi. Ikibidi zilale nyumbani, ziweke chumba chenye ubaridi kuliko vyote, chini ya kitanda, mbali na dirisha na mbali na jiko. Zenye koki zilale ubavu ili koki isikauke. Zenye kifuniko cha kusokota zisimame tu, nazo usizidharau, kifuniko hicho huziba vizuri kuliko koki nyingi.

Sasa fedha. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, kwa sababu kosa kubwa kwenye barua yako liko kwenye hesabu.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za kawaida. Chupa 120 ni glasi 600. Katika wageni 250 wa harusi ya kwetu, toa watoto, toa wasiokunywa kwa dini au kwa hiari, toa wazee wa bia ambao hata ukiwapelekea mvinyo watakuuliza umewakosea nini. Wakibaki 80 wa mvinyo, hiyo ni harusi ya wapenda mvinyo hasa. Wape glasi tatu tatu kwa usiku mzima: glasi 240, chupa 48, katoni nne za chupa kumi na mbili. Ukigawa milioni moja na nusu kwa chupa 120 unapata shilingi 12,500 kwa chupa. Ukigawa kwa 48 unapata zaidi ya 31,000. Fedha ni ileile, ila umehama kutoka rafu ya chini kabisa hadi rafu ya katikati, na si lazima uimalize. Kubaliana na muuzaji, kwa maandishi, kwamba chupa zisizofunguliwa atazipokea. Wengi hukubali ukinunua kwa katoni.

Kwa nini kuhama rafu kuna maana? Fikiria chupa ya 12,500 iliyotoka nje ya nchi. VAT ya asilimia 18 imeshakula karibu 1,900. Ushuru wa bidhaa hutozwa kwa lita, hauangalii kama kilichomo ni kizuri au kibaya. Kuna kioo, lebo, meli, lori, faida ya muagizaji na ya mwenye duka. Gharama hizo nyingi hazipungui kwa sababu mvinyo ni duni. Kinachobaki kwa ajili ya zabibu zenyewe ni kidogo sana, na utakionja hicho kidogo. Ukiongeza elfu nane au kumi, sehemu kubwa ya nyongeza inakwenda ndani ya chupa. Ukishapanda sana, tuseme juu ya laki moja, unaanza kununua jina. Thamani iko katikati.

Mvinyo wa hapa Dodoma unaanza ukiwa na nafasi nzuri. Haukuvuka bahari, na sheria za kodi zimekuwa zikiupa ushuru wa chini sana ule ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini. Kwa hiyo kwa bei moja, chupa ya Dodoma inaweza kubeba mvinyo bora kuliko chupa iliyosafiri. Nimesema inaweza. Nimeonja ya kwetu iliyonifurahisha na nimeonja iliyonifanya nitafute maji.

Ili uchague vizuri, ijue kidogo nchi yako ya mvinyo. Wamisionari wa Kikatoliki ndio walioanza kilimo hiki Bihawana katika miaka ya 1950. Leo zabibu ziko Hombolo, Mpunguzi, Chinangali, na Makutupora, ambako kuna kituo cha utafiti na ambako zabibu nyeusi maarufu ya hapa ilipata jina lake. Tuko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, lakini juu, zaidi ya mita 1,000, na mvua ni haba. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuvunwa mara moja kwa mwaka. Wetu haulali. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na baada ya miezi minne mitano unavuna, hivyo mavuno ni mawili: moja la Februari na Machi wakati wa mvua, lingine la Agosti na Septemba wakati wa kiangazi. La kiangazi kwa kawaida ndilo zuri. Mvua huleta magonjwa ya mzabibu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, hujaza punje maji, na sukari hupungua. Ukienda kiwandani, uliza kwa adabu: "Huu ni wa mavuno gani?" Anayekujibu bila kubabaika, msikilize. Chupa nyingi za hapa hazina mwaka kwenye lebo, kwa hiyo swali hilo lina kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Jingine la kuangalia ni neno "zabibu" kwenye orodha ya viungo. Rafu zetu zina vinywaji vya rozela, vya ndizi, na vingine vya rangi, ladha na spiriti ambavyo navyo vinavaa chupa za mvinyo. Siwakatazi watu kuvinywa, mvinyo wa rozela naupenda mwenyewe, ila usilipe bei ya zabibu kwa kitu kisicho na zabibu. Hakikisha pia stempu ya kielektroniki ya ushuru ipo shingoni. Simu yenye programu ya Hakiki Stempu inaisoma, na kwa ununuzi wa katoni nne ni dakika moja isiyokugharimu kitu.

Mjomba sasa. Maboksi si aibu. Mfuko ulio ndani ya boksi hunywea kadiri mvinyo unavyotoka, hewa haiingii, kwa hiyo ukishafunguliwa hukaa wiki nne hadi sita, wakati chupa iliyofunguliwa huchoka ndani ya siku tatu. Kwa lita moja, boksi karibu daima ni nafuu. Tatizo lake liko kabla ya kufunguliwa: plastiki hupitisha hewa polepole, na boksi lililokaa zaidi ya mwaka tangu kufungashwa limeshachoka. Tafuta tarehe ya kufungasha chini au ubavuni. Isiyo na tarehe, iache. Kwa meza ya bafe, ambako mhudumu anajaza glasi haraka, boksi bichi la Chenin Blanc, mvinyo mweupe wa zabibu ya jina hilo, ni chaguo la mtu mwenye akili. Kwa meza kuu weka chupa, maana picha zitakaa ukutani miaka thelathini.

Kwa chupa za Afrika Kusini, angalia kibandiko cha uthibitisho wa asili kilicho shingoni, utaratibu walioanza mwaka 1973. Kikiwepo, jina la zabibu lililoandikwa lina maana ya angalau asilimia 85 ya zabibu hiyo. Jina la Stellenbosch, eneo lao maarufu la mvinyo, mara nyingi unalilipia. Maeneo ya Robertson na Swartland, kwa fedha ileile, mara nyingi wanakupa zaidi. Na Chenin Blanc yao, ambayo hata Dodoma inalimwa, ndiyo ningeipa samaki wa kupaka na pilau ya kuku: ina asidi ya kukata nazi na mafuta, na haigombani na viungo. Chakula chenye pilipili usikipe mwekundu mkavu wenye alkoholi nyingi, moto utaongezeka. Kipe mweupe wenye utamu kidogo.

Hata hivyo usinunue kwa maneno yangu. Onja. Viwanda kadhaa vya Dodoma hupokea wageni ukipiga simu kabla, na ukiweza kwenda Agosti au Septemba utakuta na mavuno. Usitegemee mvinyo wa mavuno hayo kwa harusi yako, kwani mwekundu unahitaji miezi kutulia. Baada ya hapo fanya zoezi la nyumbani: wanakamati wanne, chupa sita, kila moja imeviringishwa gazeti na kuandikwa namba. Asubuhi ni bora kuliko jioni. Mtu asipake manukato wala asipige mswaki dakika chache kabla. Vidole viwili vya mvinyo kwenye glasi, zungusha, nusa, onja, tema kwenye ndoo. Ndiyo, tema, la sivyo chupa ya nne zote zitakuwa nzuri. Kisha onja tena na kipande cha nyama na wali. Andikeni alama kimya kimya, mwenyekiti asiseme kitu kabla ya wengine.

Gazeti ni la lazima, kwa sababu macho hudanganya hata wataalamu. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, Frédéric Brochet akiwemo, waliwapa waonjaji 54 mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Nami yamenikuta. Nimewahi kuisifu chupa kwa maneno matamu, gazeti likafunguliwa, ikawa ile niliyokuwa nikiicheka dukani.

Kuhusu kichwa cha shangazi: hiyo "dawa" ni salfaiti, inayozuia mvinyo kuoza. Mvinyo mweupe mtamu kwa kawaida huwa nayo nyingi kuliko mwekundu, kwa hiyo lawama hiyo haikai vizuri. Mara nyingi kinachouma ni alkoholi yenyewe na upungufu wa maji. Weka maji kila meza. Lakini mtu mwenye pumu anayebanwa kifua au kukohoa baada ya mvinyo asijaribu tena kwa ushauri wangu, aende hospitali, kwani salfaiti huwadhuru baadhi yao kweli. Mjamzito asinywe. Mwenye kisukari, mwenye ini bovu, au aliye kwenye dozi yoyote, amuulize daktari au mfamasia wake kabla ya siku ya harusi, si MC.

Mambo ya ukumbini ni machache. Wanaposema mwekundu unywewe kwa "joto la chumba", chumba hicho ni cha Ulaya ya zamani, nyuzi 16 hadi 18. Ukumbi wenu Novemba hautakuwa hivyo. Weka mwekundu kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina, mweupe ukae humo kwa muda wa saa tatu, au ndani ya beseni la barafu na maji kwa dakika ishirini. Shampeni ya kukatia keki, ambayo kwa harusi nyingi si ya eneo la Champagne kule Ufaransa ila ina mapovu hivyohivyo, ipoe kuliko vyote. Ndani ya chupa ya namna hiyo msukumo unaweza kufika mara sita ya hewa ya nje, na ikiwa ya moto halafu MC akaitikisa kwa mbwembwe, nusu yake itaishia kwenye gauni.

Na ununue vizibuo viwili, kimoja kikae mfukoni mwako. Niliwahi kualikwa harusi yenye mvinyo mzuri kweli, na ukumbi mzima haukuwa na kizibuo hata kimoja. Koki zilisukumwa ndani kwa mpini wa mwiko, na tulikunywa usiku kucha tukitema vipande vya koki kwenye leso.